Ploti ya Hewa Safi

Siku hizi nikiingia nyumba ya mtu, kabla ya salamu naangalia dirisha. Watu wanadhani ni maringo, ati Nasimiyu akikutembelea anatafuta pazia la kwenda kusengenya. Mimi na pazia hatujuani. Natafuta mahali moshi unapotokea. Mwezi uliopita nilishuka Bungoma kumwona Naliaka, rafiki yangu wa miaka ya darasa la usiku, na nyumba yake mpya ina madirisha mengi hata nikamuuliza kama fundi alisahau kujenga kuta. Alicheka mpaka akashika mlango. Nilisubiri ule mwisho wa kicheko, pale ambapo zamani kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi kama birika, na filimbi haikuja. Ndiyo sababu alikuwa ameniita. Alinipigia simu akaniambia amesahau ni lini mara ya mwisho alishika kile kikopo chake cha kuvuta dawa, na jambo kubwa namna hiyo haliwezi kupita bila kuku mmoja kulia. Kwetu sisi kuku ndiye hulipia furaha zote za binadamu.

Nilipokuwa nimekaa kwenye kochi lake, mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mlima. Nilimwona Naliaka akitoka jikoni kuyachungulia, akirudi, akitoka tena, na nikajua anafikiria nini. Kuanzia hapo, hata aliponiuliza habari za watoto, mwenyewe nilikuwa nimesharudi Kitale, katika mwaka ule ambao sisi wawili tulivaa visanduku vifuani tukaupima mji mzima hewa yake, kama mafundi wanaompima bibi harusi gauni.

Tulikuwa tunakaribia miaka thelathini, ingawa kwa kimo cha madawati tuliyokalia ungesema tumeingia darasa la kwanza. Jioni watoto wa shule ya msingi wakitoka, sisi tulikuwa tunaingia, magoti yakigonga masikio. Ukutani kulikuwa na picha ya ng'ombe aliyeandikwa viungo vyake vyote, na chini ya ng'ombe huyo ndipo nilipojifunza hesabu za pembetatu. Hadi leo nikiona nyama choma naanza kutafuta pembe ya tatu. Mchana nilikuwa nauza misumari na rangi katika duka la Mama Preeti, Singasinga ambaye familia yake ilifika Kitale kabla ya lami. Naliaka alikuwa akishona sare za shule kwa fundi mmoja karibu na soko. Tuliishi pamoja katika chumba kimoja, nyuma ya yadi ya malori ya mahindi, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo hivi kwamba mmoja akitaka kugeuka kitandani, mwingine anatoka nje kwanza. Vumbi la unga lilipita chini ya mlango usiku na mchana. Asubuhi ungeweza kukung'uta blanketi ukapata uji wa watu wawili na wa mgeni.

Naliaka alikuwa na kifua. Hivyo ndivyo tulivyosema, ana kifua, kana kwamba sisi wengine hatukuwa nacho. Siku mbaya alikuwa anakaa kitandani ameegemea ukuta, mikono juu ya magoti, akivuta hewa kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu, nami nilikuwa nazungumza bila kukoma ili asisikie jinsi anavyosikika. Darasani waliniita Redio. Hawakujua kazi ile redio ilikuwa inafanya nyumbani. Kaka yake, aliyekuwa akilima kwao Ndalu, alikuwa amempa neno moja tu: kifua kikiendelea hivi mpaka likizo ya Agosti, nakuja kukuchukua. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa Novemba. Ndalu hakukuwa na darasa la usiku, kulikuwa na mahindi, na wanawake waliorudi kwenye mahindi tuliwajua kwa majina. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameonekana tena chini ya yule ng'ombe. Kwa hiyo mwaka ule wote, kwa Naliaka, ulikuwa umebanwa kati ya Agosti na Novemba.

Shule zilipofunguliwa Januari, Mwalimu Barasa, aliyekuwa mwalimu wetu wa kila somo, alitujia na kijana mwembamba aitwaye Collins, na katoni imejaa visanduku vyeupe. Collins alikuwa ametumwa na mradi wa kupima hewa ya barabarani katika miji miwili, wetu na Bungoma. Alitaka watu wanaotembea kwa miguu, wanaoishi pande zote za mji, na wanaopita njiani jioni, saa ambayo mji unapika. Mwalimu Barasa akamwambia, "Basi umefika. Hawa hata baiskeli hawana." Kisanduku kilikuwa kama pakiti ya unga ya kilo moja. Kilikuwa na tundu la kuvuta hewa, feni ndogo iliyolia kama nyuki aliyekosewa heshima, na taa usoni: kijani ni hewa nzuri, manjano ni hivi hivi, nyekundu ni mbaya. Ulikifunga kifuani kwa mikanda, ukatembea, nacho kikaandika umepita wapi na umekuta nini. Kila mwezi Collins alichapisha ramani ya mji yenye rangi hizo tatu, akaibandika ukutani, kando ya ng'ombe.

Kulikuwa na sheria moja, na alituimbisha kama wimbo wa taifa. "Tunapima barabara, hatupimi nyumba. Ukifika mlangoni, unafanya nini?" Sote tukajibu, "Unazima!" Ilikuwa sheria nzuri. Nyumba ya mtu ni siri yake, na mradi ulitaka kujua malori na matatu yanafanya nini, si fulani anapika nini. Nakumbuka nilivyofurahia kile kitufe. Nikifika mlangoni nabonyeza, nyuki ananyamaza, naingia ndani kama askari aliyemaliza zamu.

Siku za kwanza mji ulituogopa. Wauza nyanya waliponiona nikija na mikanda kifuani walibeba nyanya zao wakatimua mbio, wakidhani ni kanjo, wale askari wa manispaa, wa aina mpya. Wengine walinizunguka.

"Dada, hiyo ni kamera?"

"Inapima hewa."

"Hewa ya nani?"

"Ya wote."

"Aa, bana, pima yangu peke yake nijue kama naibiwa."

Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyekimbia. Ramani ilipotoka, watu walikuja kuiangalia darasani kama wanavyoangalia jedwali la ligi. Bungoma nao walikuwa na yao, na darasa lao lilitutumia ujumbe wa simu: "Kitale mnachoma nini huko, ama ni roho zenu?" Hapo ndipo hewa ilipogeuka mpira. Hata Mama Preeti, ambaye alikuwa na desturi ya kuwasha vijiti vya udi mlangoni kila asubuhi kabla ya kuuza hata msumari mmoja, alishtuka kuona duka lake lina kidoa cha manjano na duka la jirani ni kijani. Collins alimweleza kwa heshima kwamba ni ule udi. Mama Preeti akamwangalia kwa miwani, halafu akaniambia mimi, "Nasimiyu, ambia huyu kijana Mungu wangu hapimwi na sanduku." Lakini kesho yake udi ulikuwa umehamia ndani, nyuma ya kaunta, ambapo nilisimama mimi. Mwezi uliofuata duka likawa kijani, nami nikawa napiga chafya hadi misumari inaruka kwenye mizani. Tulicheka sana. Nimekuja kufikiria baadaye kwamba mambo mengi ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha kusemwa pale nyuma ya kaunta, ila mimi niliyaona kama kichekesho.

Naliaka hakuiangalia ramani kama mpira. Alisimama mbele yake kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo. Chumba chetu, na yadi, na mashine ya kusaga, vyote vilikuwa nyekundu ya pilipili. Kidole chake kikatembea polepole, kikavuka barabara kuu, kikaingia mtaa wa Matisi, kikasimama kwenye kichochoro kimoja kilichokuwa kijani kuliko vyote. "Pale," akasema. Jumapili ile tulipakia godoro lake, cherehani, na vitabu kwenye mkokoteni, tukaenda pale.

Mwenye ploti alikuwa mama mnene mchangamfu ambaye kila mtu alimwita Mama Ploti. Alitupokea getini na funguo mkononi. "Karibuni. Choo ni kile, bomba ni lile, na hewa ni kila mahali." Getini alikuwa ameandikisha bango kwa rangi aliyoinunua kwangu mwenyewe: VYUMBA VYA KUPANGA. MAJI IKO. STIMA IKO. HEWA SAFI IMEPIMWA. Chumba cha Naliaka kilikuwa cha mwisho kwenye mstari, kina dirisha dogo kama bahasha. Jioni hiyo wanawake wa ploti walikuwa wamepanga majiko yao nje ya geti, kama tunavyofanya sote: unawasha makaa kwa magunzi ya mahindi, unaacha moshi wa kwanza uende zake, unapika huku mnapiga domo, na mtu wa kuongea naye hukosi. Tulikula ugali na mrenda tukiwa tumekaa juu ya cherehani iliyofungwa, na Naliaka alipumua vizuri, na mimi nilirudi peke yangu kwenye chumba chetu nikagundua kwamba sasa naweza kugeuka kitandani bila kuomba ruhusa. Sikulala.

Ramani iliyofuata ilitoka, na kichochoro cha Mama Ploti kilikuwa manjano kidogo, pale getini. Si nyekundu, manjano tu, kama ukucha wa mvutaji. Lakini Mama Ploti alikuja darasani kuiona, na alirudi nyumbani amekasirika kama ameibiwa mbuzi. Naliaka alinisimulia Jumapili yake, tukichambua maharagwe. "Mama Ploti amekataza jiko nje. Ati ikifika saa ya watu wa visanduku, geti lifungwe, kila mtu awashe lake ndani. Anasema hawezi kuaibishwa na magunzi." Tukacheka. Nilimwigiza Mama Ploti akifukuza moshi kwa ufagio, Naliaka akamwaga maharagwe kwa kucheka. Na mwezi ule kichochoro kikarudi kijani, kijani cha mchicha uliomwagiwa maji, na Bungoma wakanyamaza, na Mwalimu Barasa akatangaza kwamba darasa la Bungoma litakuja kututembelea mwishoni mwa Julai kujifunza Matisi walifanyaje.

Kuanzia hapo kifua cha Naliaka kikaenda kikiharibika. Tulilaumu baridi ya Juni, na Kitale baridi ya Juni inaweza kugandisha chai ukiwa bado unaimimina. Tulilaumu pamba za sare. Mama Preeti alimtumia maziwa na bizari ya manjano kwenye chupa, Naliaka akayanywa yote. Kitu kimoja tu hatukukilaumu. Moshi wa jikoni sisi tulizaliwa ndani yake. Ulikuwa kama mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani kitu kikipotea humuulizi kwanza. Hewa chafu ilikuwa ile ya malori. Tena kulikuwa na ramani. Nataka kuieleza vizuri sehemu hii kwa sababu waliosoma wakiwa wadogo huenda wasiielewe. Mtu aliyeingia darasani akiwa mkubwa anaiheshimu karatasi kupita kiasi. Ameikosa miaka mingi. Ikimwambia kitu, hawezi kuanza kubishana nayo. Jioni moja nilimkuta ameegemea ule ukuta wake mpya, kitabu cha biolojia kimefunguliwa kifudifudi juu ya paja, na filimbi inapiga. Aliniambia kwa vipande vipande, "Labda kifua changu kimezoea tu kuumwa, kinaumwa bure. Hewa ni safi, Nasimiyu. Si wewe mwenyewe hupita hapa na sanduku?" Nilikuwa napita kweli. Getini, kila jioni, taa ikiwa kijani. Halafu alisema kaka yake amepiga simu kuuliza kama ana magunia ya kufungia vitu, au aje nayo.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa Jumamosi, saa za kupika, na mvua iliyonyesha ingeweza kuuosha Mlima Elgon ukabaki kokoto. Nilikuwa nimezunguka kupima, na nilimpelekea Naliaka sukuma wiki, pakiti ya unga, na vitabu viwili vya kuazima. Mkono mmoja umeshika mwavuli, mwingine umekumbatia vitu vyote hivyo, na kitufe kiko kifuani. Sikuzima. Nilisukuma geti kwa nyonga, nikapita mbele ya milango iliyofungwa, nikafungua wa mwisho kwa goti. Ndani maharagwe yalikuwa yanachemka, moshi wa magunzi umening'inia chini ya mabati kama nguo zisizokauka. Naliaka alikuwa kitandani. Aliniangalia kifuani, si usoni.

"Sanduku lako limeshikwa na nini?"

Nikainama. Taa ilikuwa nyekundu, nyekundu ya breki ya lori. Nikaipiga makofi mawili kama tunavyofanya redio. Ikabaki nyekundu.

"Limeharibika," nikasema. "Limenyeshewa."

"Hebu toka nje."

"Kwenye mvua?"

"Toka, Nasimiyu."

Nikatoka, nikasimama chini ya paa hadi nyuki akatulia. Manjano. Halafu kijani. Nikaingia. Nyekundu. Tulicheka mara ya kwanza, maana nilikuwa nimelowa kama kuku na nilikuwa nikiiimbia taa ibadilike. Akaniambia toka tena. Nikatoka, kijani, nikaingia, nyekundu. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Naliaka aliteremka kitandani, akashika mlango kwa mikono miwili, akavuta hewa ya mvua kwa muda mrefu, akiangalia ua ule mtupu na milango yote iliyofungwa, kila mmoja na moshi wake unaochungulia chini. Aliposema, alisema polepole, wala si kwangu.

"Kumbe si mimi."

Jumatatu Collins alikuja na ramani mpya, ile ya kuwaonyesha Bungoma. Alikuwa bado hajaibandika. Aliniita mbele ya meza ya mwalimu. "Dada Nasimiyu, Jumamosi hukuzima." Nikamwambia sikuzima. Akanionyesha: kichochoro cha Matisi kijani tupu, na ndani ya ploti, kwenye kona ya mwisho, doa moja jekundu kama damu ya mbu ukutani. "Hakuna shida," akasema, "ni kosa dogo. Nalifuta, nachapisha tena kesho."

"Usilifute." Alikuwa Naliaka, kutoka dawati la nyuma.

Darasa likageuka. Collins akaeleza tena, bila ukali, kwamba ramani ni ya barabara. Akiliacha doa la nyumba moja, ataulizwa nyumba zingine ziko wapi.

"Waambie ziko hapo hapo. Zimefungwa mlango."

"Naliaka, si wageni wanakuja!" mtu akalalamika. "Unataka Bungoma watucheke?"

"Doa moja tu, bana," mwingine akadakia. "Likifutwa kwani utakufa?"

Alisema kama tunavyosema sote, bila ubaya. Lakini kilichomjibu kilikuwa kifua cha Naliaka, kikipiga filimbi hadi madawati ya mbele. Alisimama. Ilimchukua muda kupata hewa ya kutosha sentensi nzima. "Hilo unaloita kosa, Collins, ndipo ninapolala mimi. Kaka yangu anakuja Agosti kunichukua kwa sababu ya mahali hapo. Kwenye karatasi yako hapo pako kijani, na mimi niliiamini karatasi yako kuliko pumzi yangu. Sasa liache."

Collins alikuwa kijana mzuri, na sheria yake ilikuwa na maana yake. Aliiangalia ramani kwa muda, akamwangalia Mwalimu Barasa, na Mwalimu akawa anamwangalia ng'ombe. Halafu Collins akatoa gundi mfukoni akaibandika ilivyo.

Mama Ploti alizipata habari kabla gundi haijakauka. Kesho yake jioni alikuwa amesimama katikati ya ua wake, nami nikiwepo, akiuliza kwa sauti ya kusikika Uganda, "Nani ametia ploti yangu upele?" Alimwambia Naliaka mwisho wa mwezi abebe kifua chake akitafutie kwingine. Naliaka hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na jiko lake limeshikwa kwa kanga, linafuka, akalipitisha mbele ya Mama Ploti, akafungua geti, akaliweka nje, chini kabisa ya lile bango. Kisha akakaa kando yake juu ya jiwe, akakohoa, akafungua biolojia.

"Unaniaibisha mbele ya Bungoma!" Mama Ploti akapiga kelele.

Mlango wa pili ukafunguka. Alikuwa jirani mmoja, mtoto mgongoni, jiko mkononi. "Mama, samahani," alisema akipita, "lakini huyu wangu anakohoa tangu tupate hiyo kijani." Akaliweka lake karibu na la Naliaka. Halafu wa tatu, halafu wengine, na kichochoro kikajaa moshi na domo kama zamani. Taa kifuani mwangu ikawa nyekundu pale pale ambapo miezi yote ilikuwa kijani, na nyuki akalia kwa nguvu, nami nikaiacha. Mama Ploti alisimama na ufagio wake. Jioni hiyo jiko lake halikutoka. Ya pili halikutoka. Ya tatu mlango wake ukafunguka, macho yenyewe mekundu kama nyanya, jiko mkononi, akituambia sote kwamba asidhaniwe amekubali kitu, ni maji tu yamechelewa kuchemka kule ndani.

Bungoma walikuja saa hiyo hiyo ya kupika. Walishuka wamevaa vizuri, wakaingia kichochoro cha hewa safi, wakaanza kukohoa. Mmoja wao, jitu refu linaloitwa Wafula, alisoma bango, akaangalia majiko, akacheka hadi kofia ikaanguka ndani ya karai. "Hii ndiyo mlitaka tuje kusoma? Hii hata sisi tunayo, ila hatujaiandikia bango!" Naliaka, kutoka kwenye jiwe lake, akamwambia, "Okota kofia yako ukae chini, nikusomeshe." Akakaa. Alikuja tena wiki iliyofuata kuomba msamaha kwa kicheko kile, na wiki iliyofuata pia, na aliomba msamaha mfululizo hadi wakaoana.

Ramani ya mwezi huo ilikuwa ndiyo mbaya kuliko zote za Matisi. Naliaka alisimama mbele yake kwa muda mrefu, akiwa ameshika mkono wangu. Usiku alikuwa ameanza kulala bila kuegemea ukuta. Kaka yake alikuja Agosti kama alivyosema, na magunia mawili chini ya kwapa. Alimkuta nje, kwenye jiwe, anasoma kwa sauti. Hakumsalimu. Alisimama nyuma yake akatega sikio, kama fundi anayesikiliza injini kabla ya kufungua boneti. Akasikiliza ukurasa mzima. Halafu akayakunja magunia yake, akaniuliza mimi kama kuna chai.

Novemba tulikaa chini ya yule ng'ombe. Mimi nilifaulu kwa namna ambayo Mwalimu Barasa aliita muujiza na mimi naita bidii. Naliaka alinipita mbali, na mpaka leo akinikasirikia ananikumbusha.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu pale kwenye kochi la Bungoma mvua ilipoanza kugonga mabati. Gesi yake ilikuwepo, lakini kuku wa kienyeji wa sherehe kama ile hapikwi kwa gesi, ni dharau. Alikuwa amewasha jiko barazani, na sasa upepo ulikuwa unaleta mvua ndani ya baraza. Wafula akatoa kichwa dirishani, mvi zimejaa, kicheko ni kile kile. "Nyinyi wamama, si mwingize hilo jiko ndani! Mtaloa!"

"Acha tuloe," Naliaka akamjibu.

Nikatafuta mwavuli nyuma ya mlango. Ulikuwa mmoja, na uti wake mmoja umevunjika, kwa hiyo tuliushika juu ya sufuria, na sisi tukakaa tulivyo, vigoda viwili, mvua ikituteremkia mgongoni. Moshi ulipita chini ya mwavuli, ukavuka baraza, ukaelekea barabarani, ambako watu walikuwa wanakimbia na mifuko vichwani. Naliaka aliupuliza moto, pumzi moja ndefu, haikukatika katikati, kisha akaniangalia kuona kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Nikamwambia kama kuna mtu anapita hapo sasa hivi na kisanduku kifuani, basi asituonee haya, atuandike nyekundu.

"Nyekundu sana," akasema, akafunua sufuria.